Mwongozo wa Kuanzisha Mradi Mdogo wa Akili Mnemba kwa Maendeleo Endelevu

Kila mara mada ya akili mnemba (AI) na maendeleo inapojitokeza, maswali ya wanaoanza huwa ni yale yale: nianze na programu ipi, nahitaji picha ngapi, je, ni lazima niwe mtaalamu wa hisabati, na nitafanyaje ikiwa walengwa wangu hawana intaneti ya uhakika. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapopata wazo hadi siku mtu mwingine anapokabidhiwa mradi ili auendeshe. Umekusudiwa wewe uliye afisa ugani, mtumishi wa shirika lisilo la kiserikali, kiongozi wa ushirika, mwalimu au mwanafunzi, unayetaka kuitumia teknolojia hii katika nchi inayoendelea bila kuwa na maabara wala bajeti kubwa.

Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, nao ni kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za majani zinazopigwa kwa simu. Nimeuchagua kwa sababu unagusa moja kwa moja lengo la 2 kati ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 2015, yaani kutokomeza njaa, na kwa sababu kazi nyingi imekwisha kufanyika katika eneo hili, hivyo makosa yake yanajulikana. Hatua hizi zitakufaa pia ukitaka kubashiri pampu ya maji itakayoharibika, au kufuatilia ukataji wa misitu kwa picha za satelaiti.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Swali moja tu, pamoja na mtu anayejulikana ambaye jibu la swali hilo litabadilisha uamuzi wake.
- Wataalamu wawili wa jambo lenyewe. Kwa mfano wetu, hao ni watu wanaoyajua magonjwa ya mihogo kwa macho yao, hata kama hawajui lolote kuhusu kompyuta.
- Watumiaji wa baadaye, ambao wanapaswa kuwamo tangu mwanzo na wasisubiri kualikwa siku ya uzinduzi.
- Simu za aina ile ile wanayoitumia walengwa, zikiwamo za zamani zenye kamera dhaifu na vioo vilivyokwaruzika.
- Kompyuta mpakato ya kawaida na intaneti ya saa kadhaa kwa wiki. Kufundisha modeli ndogo, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano unayoipa, hakuhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa kazi nzito inaweza kufanyika kwenye huduma ya mtandaoni kama Google Colab, ambayo hutoa matumizi ya bure yenye kikomo.
- Ruhusa za maandishi, ambazo nimezieleza katika hatua ya 3.
- Bajeti ambayo sehemu yake kubwa imetengwa kwa nauli, posho, bando, chaji na ufuatiliaji. Wanaoanza hutenga fedha nyingi kwa programu na kidogo kwa safari za shambani, ilhali ubora wa mradi huamuliwa zaidi na safari hizo.

Hisabati ya sekondari inatosha kuanza. Ukijua asilimia na ukaweza kusoma jedwali, utaweza kuupima mradi wako kwa haki.

Nadharia kidogo unayopaswa kuishika

Modeli ya kutambua picha haiujui ugonjwa. Inachojifunza ni mambo yanayoambatana mara kwa mara na lebo uliyoipa kila picha, yaani jina la kundi lake, kama vile ugonjwa fulani au jani zima, yawe ni madoa ya jani au rangi ya meza ambayo jani lililazwa juu yake. Mwaka 2016 watafiti waliifundisha modeli kwa picha zaidi ya 54,000 za majani ya mazao 14, zilizopigwa katika mazingira yaliyodhibitiwa. Ilipopimwa kwa picha zilizotengwa kutoka mkusanyiko huo huo, ilipata usahihi wa asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti, usahihi ulishuka hadi kiasi cha asilimia 31. Baadaye, mwaka 2022, mtafiti mwingine aliuchunguza mkusanyiko huo na kuonyesha kwamba modeli iliyopewa nukta nane tu za rangi kutoka usuli wa kila picha, bila kuliona jani lenyewe, iliweza kupatia karibu nusu ya majibu. Hatua ya 4, ya 6 na ya 8 zimejengwa juu ya funzo hilo.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaotaka uboreshwe

Kabla hujaigusa kompyuta, andika sentensi moja inayoeleza ni nani, akiwa wapi, ataamua nini tofauti akishapata jibu la mashine. Kwa mfano wetu sentensi inaweza kuwa hii: afisa ugani, akiwa shambani, ataamua ni mimea ipi ing'olewe na kama pingili za shamba hilo zinafaa kupandwa msimu ujao. Sentensi hiyo ina uzito kwa sababu magonjwa mawili makubwa ya virusi vya mihogo, batobato na michirizi ya kahawia, huenezwa na inzi weupe na pia kwa pingili zenye maambukizi, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Kinachobaki ni kung'oa mapema, kupanda pingili safi na kuchagua aina zinazostahimili.

Jiulize kisha kama mkulima anayo njia ya kuutekeleza uamuzi huo. Ikiwa pingili safi hazipatikani karibu naye, kumwambia kwamba shamba lake linaumwa ni kumwongezea mzigo bila msaada, na fedha zako zingefaa zaidi kuanzisha shamba la kuzalisha pingili. Jiulize pia kama kadi yenye picha chache za rangi, iliyochapishwa vizuri na kugawiwa kwa maafisa ugani, isingetosha. Ikiwa ingetosha, ichapishe na uendelee na tatizo jingine, kwa kuwa lengo ni shamba lipone na teknolojia ni njia tu ya kufika huko.

*Onyo:* usianze na sentensi kama "tunataka kutumia akili mnemba katika kilimo". Haina mtu, haina mahali wala uamuzi, na hakuna kipimo kitakachokuonyesha kama umefanikiwa.

Hatua ya 2: Tafuta kama kazi imekwisha kufanyika

Kwa mihogo, programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hufanya kazi kwenye simu za Android bila intaneti, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Aidha, mwaka 2020 maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, iliweka hadharani picha zaidi ya 21,000 za majani ya mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe mashambani na kuwekewa lebo na wataalamu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya nchi hiyo.

Maoni yangu ni kwamba wengi wanaosoma mwongozo huu wanapaswa kuchukua chombo kilichopo na kuelekeza nguvu zao kwenye kukipima katika eneo lao kwa kufuata hatua ya 8, kisha kwenda moja kwa moja hatua ya 9. Kukipima kwa uangalifu chombo cha mwingine ni mchango kamili, na mara nyingi ndio unaokosekana.

Swali linaloambatana na hatua hii ni kwa nini mtu asitumie tu programu za mazungumzo kama ChatGPT. Zinasaidia kuandika rasimu, kufupisha nyaraka na kutafsiri, lakini zinaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa lugha ya uhakika kabisa, nazo huwa dhaifu zaidi katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni. Ukizitumia kumshauri mkulima, zifunge ndani ya nyaraka zilizothibitishwa na wataalamu wa nchi yako. Vipimo vya viuatilifu visitolewe kamwe kwa njia hiyo, kwa sababu kosa la namba moja linaweza kumdhuru mtu, udongo na maji.

Hatua ya 3: Pata ruhusa na linda taarifa za watu

Nchi nyingi sasa zina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Kenya na Uganda zilitunga zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Isome ya nchi yako kabla ya kukusanya chochote, na uulize kama unatakiwa kujisajili kwa mamlaka inayohusika. Ukiandika barua kwa serikali, itakusaidia kurejelea mkakati wa taifa wa akili mnemba ikiwa upo, au Mkakati wa Bara la Afrika ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika mwezi Julai 2024.

Kisheria unaweza kuwa umekamilika na bado ukamdhuru mtu. Picha ya simu hubeba ndani yake saa na, mara nyingi, majiranukta ya mahali ilipopigwa, hata kama hayaonekani kwenye kioo. Orodha ya picha za majani yenye ugonjwa inaweza hivyo kuwa ramani ya wakulima ambao mnunuzi atawapunja au mkopeshaji atawakataa. Kwa sababu hiyo, hifadhi jina la kata au tarafa mahali pa nukta kamili, futa taarifa zilizofichika kabla ya kuwapa wengine picha, na usikubali sura ya mtu ibaki kwenye fremu. Mweleze mkulima kwa lugha yake kwamba anaweza kukataa, na kwamba akikubali leo anaweza kujitoa kesho.

Hatua ya 4: Kusanya data zinazofanana na maisha halisi

Swali la picha ngapi halina namba moja, ila kwa majaribio ya kwanza mamia kadhaa kwa kila kundi yanatosha kukuonyesha kama wazo lina dalili ya kufaulu, na kwa matumizi ya kweli ufikirie maelfu. Lililo muhimu kuliko idadi ni utofauti. Picha 500 kutoka mashamba 50 zitakufaa zaidi kuliko picha 5,000 kutoka mashamba matatu, kwa sababu picha za shamba moja hufanana kwa udongo, aina ya zao, umri wa mimea na mwanga wa siku ile.

Piga asubuhi, mchana na jioni. Piga baada ya mvua na wakati wa vumbi. Badilisha simu na badilisha wapigaji, maana kila mtu ana namna yake ya kushika simu, na watumiaji wako hawatashika kama wewe. Pata majani mazima kutoka mashamba yale yale uliyopata majani yenye ugonjwa; ukichukua wagonjwa kijiji hiki na wazima kijiji kile, modeli itajifunza kutofautisha vijiji. Ongeza pia mambo yanayofanana na ugonjwa ila si ugonjwa unaoutafuta: upungufu wa virutubisho, madhara ya dawa ya magugu, uharibifu wa utitiri, majani yaliyozeeka tu. Kundi hili husahaulika sana, nalo ndilo litakalowachanganya watumiaji wako siku ya kwanza.

Wafundishe wapigaji utaratibu mmoja mfupi. Mpigaji afute lenzi kwa kitambaa kikavu. Asimame upande ambao kivuli chake hakitaangukia jani. Alisogelee jani hadi lijae karibu fremu yote, alishike kwa nyuma ya kikonyo bila vidole kufunika madoa, asubiri upepo utulie, ndipo apige. Kisha apige picha ya pili ya upande wa chini wa jani na ya tatu ya mmea mzima. Picha hizo tatu zipewe namba moja ya mmea, na mmea uwe na namba ya shamba. Zana kama KoboToolbox na ODK humwezesha kujaza fomu hiyo bila mtandao na kuituma baadaye akifika penye mtandao.

*Onyo:* usiiache namba ya shamba kwa kudhani utaikumbuka. Bila namba hiyo, hatua ya 6 haiwezekani, na itakubidi kurudi shambani upya.

Hatua ya 5: Weka lebo

Wape wataalamu wako wawili picha zile zile, kila mmoja peke yake, bila kuona majibu ya mwenzake. Waruhusu waandike "siwezi kujua kwa picha hii". Linganisha majibu yao, na pale wanapotofautiana waketi pamoja wajadili. Ikiwa wao wenyewe hutofautiana mara kwa mara juu ya kundi fulani, hiyo ni ishara kwamba kundi hilo halionekani vizuri kwenye picha, na mashine haitakuwa na pa kujifunzia. Ukiweza, peleka sampuli chache za majani maabara ili ujue macho ya wataalamu wako yenyewe yana usahihi kiasi gani.

Hatua ya 6: Gawanya data kwa mashamba

Data hugawanywa sehemu tatu: ya kufundishia, ya kurekebishia na ya kupimia. Programu nyingi hugawanya kwa bahati nasibu picha moja moja, na hapo ndipo miradi mingi hujidanganya. Chukulia shamba lenye picha 20 za mimea ile ile. Ukizigawanya kwa bahati nasibu, kumi na tano zitaingia kwenye mafunzo na tano kwenye kipimo. Modeli itakuwa kama mwanafunzi aliyepewa kwenye mtihani maswali aliyoyafanyia mazoezi jana, na alama zake hazitakueleza lolote kuhusu maswali mapya.

Kwa hiyo, shamba zima liende upande mmoja tu. Bora zaidi, tenga wilaya moja nzima au msimu mmoja mzima usiotumika kabisa katika mafunzo, kwa kuwa hali halisi ya mradi wako ni kwenda mahali ambapo modeli haijawahi kufika. Alama zako zitashuka. Usizikimbie, kwa sababu ndizo alama ambazo wakulima watakutana nazo. Faili la kupimia lihifadhiwe kando, lifunguliwe mwishoni, na lisitumike kuchagua kati ya modeli kumi ulizozijaribu.

Hatua ya 7: Fundisha modeli

Usianze kutoka sifuri. Chukua modeli ndogo iliyokwisha kufundishwa kwa picha nyingi sana za kawaida, kama zile za familia ya MobileNet zilizobuniwa kwa ajili ya simu, kisha uifundishe tabaka zake za mwisho, yaani sehemu zinazotoa jibu, kwa picha zako. Kwa siku za mwanzo, Teachable Machine ya Google itakuwezesha kufanya hivyo ndani ya kivinjari bila kuandika msimbo, na kuihamisha modeli kwenye simu. Ukishaelewa mtiririko, hamia Colab, ambako utaweza kudhibiti mgawanyo wa hatua ya 6.

Modeli ikikamilika, ipunguze kwa kubadilisha namba zake kutoka biti 32 hadi biti 8. Ukubwa wake hushuka hadi takriban robo, na mara nyingi usahihi hupungua kidogo tu. Hata hivyo ipime upya baada ya kupunguza. Modeli inayokaa ndani ya simu haihitaji bando kwa kila picha na hutumia umeme kidogo, na hilo lina maana katika mradi unaojiita endelevu.

Hatua ya 8: Pima kwa hesabu za kazi

Asilimia moja ya usahihi wa jumla haitoshi kuamua chochote. Katika picha za Makerere nilizozitaja, kiasi cha asilimia 61 zilikuwa za batobato. Modeli inayojibu "batobato" kwa kila picha, bila kuangalia, ingepata asilimia 61. Kabla ya kufurahia alama yako, hesabu kwanza ubashiri huo wa kivivu ungepata ngapi.

Kisha fanya hesabu kwa mimea. Chukulia shamba la mimea 1,000, ambapo 50 ina ugonjwa. Modeli yako inawatambua wagonjwa 90 kati ya 100, na wazima 90 kati ya 100. Kwa masikio ya wengi hiyo ni modeli nzuri. Itakamata mimea 45 kati ya ile 50 yenye ugonjwa. Lakini mimea mizima ni 950, na asilimia 10 yake, yaani mimea 95, itaambiwa inaumwa. Jumla ya itakayotiliwa alama ni 140, na chini ya theluthi moja ndiyo yenye ugonjwa kweli. Mkulima akiing'oa yote, atakuwa ameangamiza mimea 95 mizima kwa ushauri wako. Hesabu hii ifanyie kazi kwa namba za eneo lako, pamoja na wataalamu na wakulima, kabla hujaamua programu itasema nini. Katika hali kama hii uamuzi wa busara ni kwamba alama ya mashine imwite afisa ugani au ilazimishe picha ya pili, wala isiwe amri ya kung'oa.

Gawanya pia matokeo kwa aina ya simu, eneo, aina ya zao na ukubwa wa shamba. Ukigundua kwamba simu za bei ya chini ndizo zinazopata majibu mabaya, ujue maskini zaidi ndio watakaoumizwa na chombo chako. Ukosefu huo urekebishwe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 9: Jaribu na watu wachache

Mpe mtumiaji simu, mweleze kazi bila kumwonyesha vitufe, kisha nyamaza utazame. Andika anapokwama. Angalia kama kioo kinasomeka juani, kama maneno yanaeleweka, na kama asiyesoma kwa urahisi anaweza kusikiliza sauti ya lugha yake.

Maneno ya jibu yanahitaji uangalifu wa pekee. Michirizi ya kahawia inaweza kuozesha mizizi huku majani yakionyesha dalili hafifu mno, kwa hiyo picha ya jani haiwezi kuthibitisha kwamba mmea ni mzima. Programu iseme "hakuna dalili zinazoonekana kwenye jani hili", na ishauri mizizi kadhaa ichunguzwe kabla pingili hazijagawiwa. Mkulima akiambiwa "mmea wako ni mzima", atampa jirani pingili zenye virusi kwa nia njema kabisa. Liwepo pia jibu la tatu: "sijui, piga picha tena au mwite mtaalamu".

Linganisha kundi linalotumia programu na kundi lisiloitumia katika mazingira yanayofanana, na uhesabu maamuzi yaliyobadilika. Idadi ya waliopakua programu haikuelezi kama shamba limenufaika.

Hatua ya 10: Kabidhi

Andika nani atailipia, nani atapokea malalamiko, nani ataipima upya kila msimu, na ni alama gani ikifikiwa programu itasimamishwa. Mkabidhi mtu au ofisi yenye uwezo wa kuyafanya hayo, pamoja na faili zote, lebo zote na maelezo ya namna zilivyopatikana.

Ukikwama

*Ofisini inapata alama za juu, shambani inakosea.* Angalia kwanza mgawanyo wa data kama ulikuwa kwa mashamba. Kisha zibe jani kwenye baadhi ya picha kwa mstatili mweusi na uipe modeli. Ikiendelea kupatia kwa kiwango cha juu, inaisoma mandhari ya nyuma, nawe unahitaji picha mpya za mandhari mchanganyiko.

*Inataja ugonjwa hata ikipigiwa picha ya udongo au kiatu.* Modeli yako imelazimishwa kuchagua kati ya makundi uliyoipa. Ongeza kundi la vitu visivyo jani la mhogo, na weka kiwango ambacho chini yake itajibu "sijui".

*Inakwama kwenye simu za zamani.* Punguza picha hadi nukta 224 kwa 224 kabla ya kuipa modeli, tumia toleo la biti 8, na uondoe vitu vya mapambo kwenye programu.

*Alama zimeshuka msimu mpya.* Huenda aina mpya ya zao imeingia, ugonjwa mwingine umefika, au simu zimebadilika. Kusanya picha za msimu huo kutoka mashamba mapya, ziwekewe lebo na wataalamu wawili, na uifundishe modeli upya kwa data za zamani na mpya kwa pamoja.

*Watu wameacha kuitumia.* Watembelee kabla ya kubadilisha chochote kwenye programu. Mara nyingi utaambiwa kwamba jibu lilikuja ila pingili safi hazikuja, na tatizo hilo linatatuliwa kwa mzalishaji wa mbegu na gari la kuzisafirisha.

*Mfadhili ameondoka na hakuna wa kupokea.* Usiiache programu ikiendelea kutoa ushauri bila mtu wa kuusimamia. Waarifu watumiaji tarehe ya mwisho, izime, futa taarifa binafsi kama ulivyoahidi, na uzikabidhi picha zilizosafishwa pamoja na lebo zake kwa chuo au taasisi ya utafiti ya nchi yako, ili atakayefuata asianze kupiga picha ya kwanza.